Kompyuta mpya, waya wa zamani: nani mwenye kosa ndani ya nyumba ya Baraka?

Mtu wa mji wetu wa Baraka, Kivu Kusini, akisema "rezo", kwa kawaida ana maana ya vijiti vya simu vinavyopanda na kushuka kwenye kioo. Umeme wa nyumba nyingi unatoka kwenye pano za jua na jenereta, intaneti inatoka kwenye simu, na waya wa kompyuta si kitu cha kuzungumziwa. Lakini ingia kwenye nyumba yenye sekretaria, ile ya chumba cha mbele ambako watu huja kuchapisha barua za kuomba kazi na kutoa fotokopi za kadi ya uchaguzi, kisha tazama nyuma ya meza. Kuna kisanduku chenye taa ndogo za kijani, kiitwacho swichi. Kutoka hapo nyaya za kijivu zinapanda ukutani, zinapita juu ya mlango, zinaingia chumba cha ndani ambako watoto wana kompyuta yao. Hiyo nayo ni rezo, na kwa mwenye nyumba ina faida ambayo ya simu haina: haili forfe ya intaneti.

Vifaa vya namna hii vina historia yake huku kwetu. Mwaka 2005 UNHCR ilianza kuwavusha Ziwa Tanganyika Wakongomani waliokuwa makambini mkoani Kigoma, na Baraka ikawa mlango wa kurudia nyumbani. Mashirika yakafungua ofisi Baraka na Fizi, ofisi zikavutiwa nyaya. Ofisi ya mradi haidumu. Ikifungwa, meza zinauzwa, na swichi, nyaya na kompyuta za mezani zinapata nyumba nyingine. Nyingine zilikuja kama okazyoni, yaani zikiwa zimekwisha kutumika, kwa boti kutoka Kigoma au kwa lori kutoka Uvira. Zimefungwa na vijana waliojifunza kwa kutazama, na nyingi zinafanya kazi hadi leo.

Sasa inaingia laptopu mpya. Imenunuliwa Uvira au Bujumbura, au imetumwa na ndugu aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu. Inachomekwa kwenye waya uleule uliokuwa ukifanya kazi jana, na inagoma. Hapo hukumu ya mtaa hutolewa haraka: waya umezeeka, ng'oeni, wekeni kisanduku cha Wi-Fi. Mimi nasema hukumu hiyo mara nyingi ni ya uonevu. Waya wa shaba uliokaa ukutani bila kuguswa hauna sababu ya kuzeeka upesi. Kinachozeeka ni makubaliano kati ya vifaa viwili vinavyoutumia, na hayo yana ngazi kadhaa. Kila ngazi ina namna yake ya kugoma, na fundi asiyezitenganisha atanunua vifaa vipya mara tatu kabla ya kugusa penye kosa.

Tuanze na waya wenyewe. Ethaneti, jina la mfumo huu, ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California. Mwaka 1990 ikapata kanuni ya kupita kwenye nyaya zilizosokotwa jozi jozi, zile tunazozijua, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 1995 ikafika 100, mwaka 1999 ikafika 1000. Waliotunga kanuni hizo walifanya jambo la heshima: walihakikisha kifaa kipya kinaweza kuongea na cha zamani. Unapochomeka waya, pande mbili husalimiana kwanza, kila mmoja akitaja kasi anazozimudu, kisha huchagua ile ya juu wanayoijua wote. Ni kama watu wawili wanaokutana soko la Baraka, mmoja ana Kibembe, Kifaransa na Kiswahili, mwingine ana Kifuliru na Kiswahili. Hawatagombana, wataongea Kiswahili.

Kwa hiyo kompyuta ya mwaka huu inayomudu megabiti 1000, au hata 2500, ikikutana na swichi ya zamani ya 100 itashuka hadi 100 bila mtu kugusa kitu. Na 100 si kidogo kwa nyumba. Filamu ya megabaiti 700 inapita kwa dakika moja hivi. Hakuna barua ya sekretaria itakayosubirishwa na waya huo. Anayekwambia ununue swichi mpya kwa sababu tu kompyuta ni mpya, mwambie akuonyeshe kazi inayokwama.

Kuna nyumba, hata hivyo, ambamo waya ndio wenye kosa, na namna inavyotokea inashangaza. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi 8, yaani jozi 4. Kasi ya 10 na ya 100 hutumia jozi mbili tu, zile zinazokaa kwenye nafasi ya 1, 2, 3 na 6 za kichwa cha plastiki. Mafundi wa mahali ambako waya unanunuliwa kwa kuhesabu mita waligundua zamani kwamba waya mmoja unaweza kugawanywa na kuhudumia kompyuta mbili, jozi mbili huku, jozi mbili kule. Ilikuwa akili nzuri, na kwa kasi ya 100 hakuna aliyepata hasara kubwa. Lakini kasi ya 1000 inadai jozi zote 4. Tatizo ni kwamba ile salamu ya mwanzo hupita kwenye jozi zilezile mbili za kawaida. Kompyuta mpya na swichi mpya zinasalimiana vizuri, zinakubaliana 1000, kisha zinanyoosha mikono kutafuta jozi ambazo hazipo. Kadi nyingine huwa na busara ya kushuka zenyewe hadi 100. Nyingine huwasha taa, huzima, huwasha tena, siku nzima.

Angalia matokeo yake. Laptopu mpya ikichomekwa kwenye swichi ya zamani ya 100, waya uliogawanywa unafanya kazi. Mtu akinunua swichi mpya ya 1000 ili kuisaidia laptopu, ndipo mgomo unaanza. Amelipa pesa kuleta ugonjwa. Dawa ni kuvuta waya wa pili na kufunga nyuzi zote 8 kwa mpangilio mmoja pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kama waya wa pili haupatikani leo, rudisha swichi ya zamani mahali pake. Hakuna aibu.

Kosa la pili la ngazi hii ni baya zaidi kwa sababu linajificha. Zamani mafundi wa ofisi walipenda kuifungia kadi kasi kwa mkono: 100, pande zote mbili kusema kwa wakati mmoja. Kadi iliyofungiwa hivyo haisalimii tena. Kompyuta mpya ikisalimia bila kujibiwa, inaweza kutambua kasi kwa kusikiliza, lakini haiwezi kujua kama mwenzake anaruhusu kusema na kusikia pamoja. Kanuni inaiamuru ichukue njia ya tahadhari: nikisema mimi, wewe nyamaza. Mmoja anasema wakati wowote, mwingine anangoja zamu, maneno yanagongana. Taa inawaka. Barua ya kurasa mbili inapita. Folda ya picha za harusi inatambaa saa nzima kisha inakatika. Ukiona vidogo vinapita na vikubwa vinakwama, usilaumu virusi wala antena. Fungua mipangilio ya kadi pande zote mbili, rudisha kasi iwe ya kujichagulia yenyewe.

Pamoja na hilo kuna visanduku vinavyofanana na swichi kwa sura lakini ni habu, vya kizazi cha kabla. Habu haichagui wa kumpelekea ujumbe, inapiga kelele kwa wote, na kompyuta zote zinagawana kasi moja kwa zamu. Habu ya megabiti 10 itahitaji dakika kumi hivi kwa ile filamu moja. Hicho ndicho kifaa cha zamani ambacho sikitetei. Kitolewe.

Upande wa kununua waya mpya, neno moja la tahadhari. Masoko yamejaa waya ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ni mwepesi mkononi, unavunjika ukikunjwa mara chache, na umeme hupotea njiani. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukionekana mweupe ndani, ni alumini. Waya wa shaba uliotoka kwenye ofisi iliyofungwa, wenye vumbi na rangi iliyofifia, mara nyingi ni bora kuliko boksi jipya linalong'aa. Usizidishe mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Laptopu nyingi za sasa hazina hata tundu la waya. Apple ilitoa MacBook Air ya kwanza bila tundu hilo mwaka 2008, na wengine wakafuata kwa sababu ya wembamba. Hapo unahitaji adapta ya USB. Kabla ya kulipa, uliza kama Windows inaitambua bila kupakua draiva, kwa maana adapta inayodai intaneti ili ikupe mtandao ni mzigo.

Taa zikikaa zimewaka na mambo bado yanagoma, tuache waya kabisa. Tumefika kwenye anwani.

Kila kompyuta kwenye rezo ya nyumba inahitaji namba yake, kwa kawaida inayoanza na 192.168. Nyumba nyingi za zamani hazikuwa na ruta ya kugawa namba. Fundi aliziandika kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine, na mara nyingi aliondoka na orodha kichwani mwake. Laptopu mpya inakuja ikitarajia kugawiwa. Isipomkuta mgawaji, inajipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, na hiyo ni alama ya wazi: waya ni mzima, ila hakuna aliyempokea mgeni. Tazama namba ya kompyuta ya zamani, ipe mpya namba inayofanana mafungu matatu ya kwanza na kutofautiana fungu la mwisho. Kama ya zamani ni 192.168.0.5, mpya iwe 192.168.0.20. Ukiandika 192.168.1.20, zitakaa jirani miaka kumi bila kuonana.

Na hapa kuna jambo la kwetu hasa. Vitabu vya mafundi vimeandikwa kwa nyumba za Ulaya, ambako waya ndio unaoleta intaneti. Baraka ni kinyume: intaneti inatoka kwenye simu kwa Wi-Fi, na waya unaleta printa na mafaili. Laptopu iko kwenye njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa kawaida Windows huuamini waya zaidi, ikiuona kuwa ndiyo barabara kuu. Ikiwa kwenye upande wa waya umeandika namba ya lango la kutokea nje, au ruta kuukuu isiyo na intaneti inajitangaza kuwa ndiyo lango, laptopu itapeleka kila kitu huko na kukwambia hakuna intaneti, huku simu ina mega za kutosha. Acha nafasi ya lango wazi upande wa waya. Waya ubaki njia ya ndani ya nyumba, simu ibaki njia ya kutokea. Sehemu hii moja imewafanya watu wengi waamini kwamba waya "unaua" Wi-Fi.

Wengine hufanya kinyume: simu inaunganishwa kwa USB kwenye kompyuta moja, na intaneti inagawiwa kwa waya nyumba nzima. Inawezekana, lakini Windows ikiona waya inadhani iko nyumbani kwa tajiri. Masasisho ya gigabaiti nzima yanaanza kushuka bila kuuliza, na forfe ya wiki inakwisha kabla ya jioni. Kwenye mipangilio ya muunganisho huo, washa ile iitwayo kwa Kifaransa "Connexion limitée". Fanya hivyo kabla ya kuwasha intaneti kwenye simu.

Ngazi ya tatu ni lugha ya kugawana mafaili, na hapa ndipo kompyuta mpya inapokataa kwa makusudi. Windows XP, ambayo bado unaweza kuikuta kwenye kompyuta ya mezani yenye barua za miaka mingi, inajua lugha moja tu ya kugawana folda, iitwayo SMB1. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uharibifu iliyopewa jina WannaCry ilipita kwenye udhaifu wa lugha hiyo, ikafunga mafaili na kudai fidia katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft ilianza kuiondoa lugha hiyo hatua kwa hatua, na kompyuta mpya za sasa haziji nayo. Kwa hiyo laptopu yako haishindwi kuiona XP. Imekatazwa kuongea nayo.

Kuna maelekezo mengi ya kuirudisha SMB1 kwa kubofya mara tatu, na fundi mwenye haraka atafanya hivyo ili alipwe aende. Namsihi mwenye nyumba akatae. Sekretaria ni mahali ambapo flashi za mtaa mzima huingia kutwa nzima. Flashi moja yenye uchafu ikipata mlango wa ndani ulio wazi, utapoteza vyeti vya watu, orodha za wanafunzi, mikataba ya viwanja. Kuna njia nyingine. Ya kwanza: hamisha mafaili ya XP kwa flashi safi mara moja, kisha mafaili yakae kwenye kompyuta mpya na ile ya zamani istaafu. Ya pili, kama kompyuta ya zamani bado ina nguvu, ifungie Linux nyepesi. Debian 12 bado inafungika kwenye mashine za biti 32, na ikishafungwa itaongea lugha mpya za kugawana folda na laptopu yako bila kufungua mlango wa hatari.

Windows 7 ni hadithi tofauti, na watu huichanganya na XP. Matunzo ya Microsoft kwake yalikwisha Januari 2020, lakini lugha yake ni ya kizazi cha pili na Windows 11 inaielewa. Inapogoma, sababu mara nyingi ni neno la siri. Zamani tulizoea kufungua folda kwa kila mtu, bila jina wala neno la siri. Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, imekaza masharti: aina zake kadhaa hazikubali kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na jina, na zinadai kila ujumbe uwe na sahihi. Tengeneza jina la mtumiaji na neno la siri kwenye kompyuta ya zamani, kisha yatumie kwenye mpya. Hakikisha pia laptopu imeuweka waya huo kwenye kundi la "Privé", si "Public", la sivyo inajificha kama mtu aliye hotelini.

Kuhusu printa nitasema kwa ufupi. Printa yenye tundu lake la waya ndiyo iliyozeeka vizuri kuliko zote: ipe namba yake, kompyuta mpya itaifikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta ya mtu. Printa ya USB inayogawiwa kupitia kompyuta ya XP itakuchosha, kwa maana draiva ya biti 32 haifai kwenye Windows ya biti 64. Ihamishie kwenye kompyuta mpya.

Mwaka 2025 serikali ya Kongo iliipa leseni Starlink, intaneti ya sahani za setilaiti, na sahani hizo zikifika nyumba zenye waya, swali letu litarudi kwa sura nyingine. Ruta yake ya kizazi cha tatu ina matundu mawili ya Ethaneti, kwa hiyo swichi ya zamani inaweza kuchomekwa pale. Ila ruta hiyo hutumia namba 192.168.1.1, namba ileile ya ruta nyingi za zamani. Zikiwa mbili kwenye waya mmoja, nyumba ina wakuu wawili wenye jina moja na wote wanagawa namba. Ya zamani izimwe kazi ya kugawa na ibadilishwe namba, au itolewe.

Naurudisha waya mbele kwa sababu moja zaidi: umeme. Swichi ndogo hula wati chache tu, na nyingi hutumia volti 5, 9 au 12. Soma kibandiko chake. Ile ya volti 12 inaweza kulishwa na betri ya jua bila kupitia inveta inayopoteza nguvu, mradi uweke kifaa kidogo cha kutuliza volti, kwa maana betri ya 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14 na zaidi. Printa na taa zikizimwa, rezo ya nyumba inaweza kuishi usiku kucha.

Adui wa kweli wa waya wa zamani huku kwetu si kompyuta mpya wala miaka. Ni radi. Utafiti wa mwaka 2016 uliohesabu radi kwa setilaiti uliiweka Kabare, ndani ya Kivu Kusini hiihii, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miali zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu, waya mrefu hupokea mshtuko na kuupeleka kwenye tundu la kompyuta. Tundu linakufa, kompyuta inaendelea kuwaka, na mwenye nyumba anaambiwa tena kwamba waya umezeeka. Waya uliovutwa nje, kutoka nyumba kuu hadi ya uani au kwa jirani, ndio wa hatari kuliko wote. Huo peke yake ningekubali ung'olewe na kubadilishwa kwa Wi-Fi. Wa ndani ubaki.

Mvua ikianza kujikusanya upande wa rasi ya Ubwari, kabla upepo haujafika, chomoa waya kwenye laptopu mpya. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.